Kabari za Gari la Harilal

Ilomba, Mbeya
6 Machi 1978

Mwanangu Jailos,

Kuna jambo nimekuficha tangu Julai ya mwaka 1972, nalo linahusu gari la Harilal. Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitamaliza na salamu, kama nilivyofanya katika barua zote nilizokuandikia miaka hii.

Sasa kamwene, kama mnavyosema huko kwenu Ubena. Mimi nipo. Miguu imevimba, na daktari amesema moyo wangu umekuwa kama pampu ya maji iliyokwisha valvu: unasukuma, lakini maji hayapandi. Nilimwambia angekuwa fundi mzuri. Rozalia, mpwa wangu, ndiye anayenitunza. Ananipikia uji usio na chumvi wala sukari, kisha anasimama mlangoni kuhakikisha nimeumaliza. Nikimwambia hata kuku wa Ilomba hawaugusi, ananijibu kwamba kuku hawajaandikiwa na daktari.

Umeniahidi kwamba wewe ndiye utakayenitengenezea jeneza, na utingo wa lori lenu aliniambia juzi kwamba umeshaanza kutafuta mbao. Nakushukuru. Ila nakuomba usirande hata ubao mmoja kabla hujamaliza kusoma ninayotaka kukuandikia. Na usinitie kwenye msonobari. Hiyo ni mbao ya masanduku ya chai.

Pumzi yangu ni fupi, kwa hiyo leo nitasema moja tu, mengine yatafuata. Miaka sita umekuwa ukisema, mbele ya Nyamizi mjane wa marehemu Bujiku, na kila unaponiandikia, kwamba ulisinzia ukiendesha gari lile na kwamba ulimuua mtu kwa usingizi.

Hukusinzia, Jailos.

Baba yako,
Mwalimu


Mafinga
19 Machi 1978

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Alhamisi, inanuka dizeli mpaka nimeianika uani. Nimefurahi kuona mwandiko wako, maana utingo alikuja na habari zake kwamba hata kijiko hukishiki tena. Nilimwambia huyo mzee alinichapa na spana mwaka wa sitini na tano kwa kukaza nati mshazari, mkono ule hauwezi kushindwa na kijiko.

Msonobari hautaki. Haya. Lakini mninga ni mzito Mwalimu, na wabebaji wa Ilomba ninawajua, watakuangusha pale kwenye mfereji. Tutaongea.

Sasa umenisumbua. Umesema sikusinzia halafu ukaweka kalamu chini. Ndivyo unavyofanya siku zote, unamwonyesha mtu injini wazi kisha unakwenda kunywa chai. Unajuaje kama sikusinzia? Hukuwepo.

Mimi nakumbuka hivi. Nilitoka Mbeya asubuhi kwenda kumnunulia tajiri wangu Harilal mpunga huko Usangu. Bujiku alinisimamisha Uyole, akakaa mbele. Tulikuwa tumeshazoeana. Akasema, "Wewe Mbena, kanyaga mafuta, ng'ombe wangu wananingoja na wao hawajui kusoma saa." Nikamwambia ng'ombe wa Msukuma wanajua kila kitu isipokuwa mipaka ya shamba la mtu. Akacheka sana. Tukapita Chimala, lami ilikuwa mpya, nyeusi, imenyooka. Maili hamsini kwa saa, labda na tano. Nakumbuka ananimegea kipande cha muwa. Nakumbuka kalavati. Baada ya hapo nakumbuka shuka la hospitali.

Mahakamani nilisema usukani ulikimbia wenyewe. Lakini kumbukumbu ya mtu aliyepigwa kichwani si ushahidi. Wewe uliyeliinua gari lile lipite topeni ulisema lilikuwa zima, na mkaguzi akasema lilikuwa zima. Basi kama gari lilikuwa zima, aliyeharibika ni dereva. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiweza. Miezi kumi na minane nimetumikia, leseni nimenyang'anywa, nikaja huku kujifunza useremala, na sijashika usukani tena.

Nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Siku ile hospitalini wewe ulikuwa mtu wa kwanza. Ulikuja hujanawa hata mikono, grisi mpaka kwenye viwiko, ukanishika kichwa, shuka likapata alama za vidole vyako vyote na muuguzi akakufokea kama mtoto. Baba yangu mzazi simjui, unajua. Nilipoona ile grisi nikasema, huyu ameacha kazi njiani akakimbia kuja kwangu. Siku ile nilijua nina baba. Nilikuuliza gari lilikuwaje, ukaniambia kwa upole kwamba gari ni zima, huenda nilisinzia. Sikukuchukia. Mtu mwingine angeniambia kwa ukali.

Nyamizi hajambo. Mwaka jana baada ya mavuno nilimpelekea mlango na ngazi ya ghalani. Ananiita mwanawe. Aliniambia, "Usingizi haumchagui mtu, mwanangu," akanipa mtungi wa samli. Nalala vizuri siku mbili tatu nikitoka kwake, halafu inarudi.

Jambo la mwisho, la kazi. Hapa kwenye mashine ya mbao tuna Landkruza. Didas, fundi wetu, ameiinua ipite juu ya visiki huko msituni: ameongeza majani ya springi na kuweka vishikio virefu vya springi mbele. Msituni inapanda kama mbuzi. Ikifika lami inatangatanga, kushoto kulia, na ukikata kona usukani haurudi mpaka uurudishe wewe. Amebadilisha boljointi zote, bado. Meneja anataka mimi ndiye niwe dereva wake, amesema atanisaidia nirudishiwe leseni na ataningoja mpaka mwisho wa Juni. Nimekataa. Mtu anayesinzia asipewe gari. Lakini Didas simtakii mabaya. Tumfanyie nini?

Mwanao,
Jailos Luvanda


Ilomba, Mbeya
2 Aprili 1978

Mwanangu Jailos,

Ulipoandika habari za Landkruza ya Didas niliiweka barua chini nikamwita Rozalia anifungulie dirisha. Tutaanza na gari hilo, kwa sababu dawa yake ndiyo kisa chenyewe.

Mwambie Didas aache boljointi. Atazame baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima, umeinama, kichwa chake kimerudi nyuma kwa mwendeshaji. Ndiyo maana kijana akiwa kwenye mwendo anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda sawa. Magurudumu ya mbele ya gari nayo yamebebwa na nguzo mbili, kila moja upande wake, na kichwa cha nguzo lazima kirudi nyuma kidogo tu. Kikirudi nyuma, gurudumu hufuata njia lenyewe na usukani hurudi baada ya kona. Kikisimama wima, gari huanza kutafuta njia. Kikiinama mbele, gari halina tena akili yake. Kila jiwe linalisukuma linakotaka.

Didas alipoweka vishikio virefu mbele aliisukuma pua ya springi chini, na ekseli iliyofungwa juu ya springi ikageuka pamoja nayo. Nguzo zake zimeinamia mbele. Alisimamishe gari kwenye sakafu tambarare, matairi yawe na upepo sawa, ateremshe timazi kando ya nguzo na apime umbali wa uzi juu na chini. Ataona mwenyewe.

Dawa ni kabari mbili za chuma, moja kila upande, kati ya springi na ekseli. Upande mmoja unene wa robo inchi, upande wa pili zimeisha kabisa kama makali ya kisu. Zichongwe kutoka kwenye jani la springi ya lori, si aluminiamu, ambayo husagika. Zitobolewe katikati ili bolti ya springi ipite. Asizidishe unene, maana ekseli ikigeuka mno jointi ya propela italia. Akishafunga yubolti zinazobana springi kwenye ekseli aendeshe maili hamsini, kisha azikaze tena.

Na sasa sikiliza neno moja kuliko yote. Kwenye magari niliyojifunzia ujana wangu, na ambayo nimeyafundisha miaka ishirini na mbili, springi hukaa juu ya ekseli. Kwenye magari hayo upande mnene wa kabari hutazama nyuma. Nimezifunga hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu ulikuwa ukifanya peke yake huku mimi nikizungumza na mtu. Kwenye Landkruza springi iko chini, na ekseli imeilalia. Kila kitu kinapinduka. Upande mnene lazima utazame mbele.

Gari la Harilal lilikuwa Landkruza. Ndiyo Landkruza ya kwanza niliyoiinua. Alitaka lipite kwenye tope la Usangu na mpunga mgongoni, nami nikalinyanyua inchi nne, nikachonga kabari nzuri kabisa, nikazifunga kama mkono wangu ulivyozoea, upande mnene nyuma. Badala ya kuondoa ubaya niliuzidisha mara mbili.

Tulilijaribu hapa Ilomba kwenye mawe na matope, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Usukani ulikuwa mwepesi ajabu. Unakumbuka Harilal alivyosema? "Fundi, mwepesi kama cherehani ya Manjula wangu." Sote tukacheka, nami nikapokea sifa. Wepesi ule ndio uliokuwa ugonjwa. Kwenye tope hauonekani. Ulikuwa unangoja lami mpya, iliyonyooka, na maili hamsini kwa saa.

Sikulijua hili wakati ule. Nililigundua mwaka jana tu, nikiwa kitandani, nikilichora gari lile kichwani jinsi wazee wanavyofanya. Nikaona kabari zangu zinatazama nyuma.

Kwa hiyo ulisema kweli mahakamani. Usukani ulikimbia. Aliyemuua Bujiku ni mimi. Nenda kwa Nyamizi ukamwambie, na umwambie meneja wako kwamba utaendesha.

Baba yako,
Mwalimu


Mafinga
14 Mei 1978

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nisamehe nimekaa wiki sita bila kujibu. Nilikuwa na mambo matatu ya kufanya kwanza, nimeyafanya, sasa naandika.

La kwanza ni gari. Didas alikataa. Alisema nguzo haziinami kwa sababu ya kishikio cha inchi tatu, na kwamba mzee wa Kinyakyusa aliyelala kitandani maili zote hizi hawezi kuona ekseli ya Mafinga. Nikateremsha timazi. Akazunguka upande wa pili akapima tena, akarudi. Akasema, "Huyo mzee wako bado anafundisha?" Tukachonga kabari kutoka kwenye springi ya lori bovu, upande mnene mbele. Tukaenda mpaka ile tambarare ya kuelekea Makambako. Baada ya kona Didas akaachia usukani kabisa. Ukarudi wenyewe polepole, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Didas amekutumia kilo mbili za asali ya msituni, Rozalia asikunyime.

La pili, nilikaa kwenye kiti cha dereva. Gari limesimama, injini imezimwa. Nikashika usukani. Nikashuka.

La tatu, nilifungua sanduku langu na kutoa nakala ya hukumu. Sikuwa nimeisoma tangu nitoke gerezani. Nimeisoma maneno ya mkaguzi wa magari mara nne. Nakunukulia: "Nilikuta kabari mbili za chuma chini ya ekseli ya mbele, kushoto na kulia, upande mnene ukielekea mbele kama inavyotakiwa kwa gari la aina hii. Sikuona hitilafu katika usukani."

Ukielekea mbele, Mwalimu. Kushoto na kulia.

Nilicheka kwanza, nikiwa peke yangu karakanani. Halafu nikalia. Mtu mgonjwa, pumzi yenyewe haitoshi, anakaa kitandani kutunga uongo mzuri hivi, wenye mpaka timazi na unene wa robo inchi, ili mwanawe apate kulala! Ungekuwa mwongo mzoefu ungekumbuka kwamba mkaguzi aliandika. Lakini wewe hujui kudanganya. Hukuwahi. Hata kwenye mtihani ulituambia alama zetu zilivyo, mbovu hadharani.

Naukataa, Mwalimu, lakini naushukuru. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa kama hiki. Umetaka kunibebea kifo cha mtu hadi kaburini. Baki na jina lako. Mji mzima wa Mbeya unajua kwamba gari lililopita mikononi mwa Mwalimu Mwasomola ni gari zima. Mimi nimeshazoea mzigo wangu, na Nyamizi amenisamehe. Nimemwambia meneja amtafute dereva mwingine. Amesema bado atangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao, ni mkaidi kama wewe.

Na mninga nimeupata. Ulikuwa umelala nyuma ya mashine miaka mitatu, umekauka vizuri, mwekundu kama udongo wa Ilomba. Najua ulinikataza, lakini nimeshauranda ubao wa juu. Unateleza kama kioo. Wabebaji nitawachagua mimi mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Jailos


Ilomba, Mbeya
22 Mei 1978

Kaka Jailos,

Salamu. Ni mimi Rozalia. Mjomba hajaniagiza kukuandikia, na akijua atanuna, lakini naona bora ujue.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua siku ile. Nilipofika pale unaposema hajui kudanganya, alinipokonya karatasi. Akaisoma mwenyewe mara tatu, akaigeuza ukutani kana kwamba ni picha. Tangu hapo uji anausukuma. Asali ya kwenu ndiyo pekee anayoilamba, na hata hiyo anasema hastahili. Nimemuuliza, "Mjomba, asali nayo ina kustahili?"

Juzi aliniagiza nitoe lile sanduku lake la spana chini ya kitanda. Akazipanga zote juu ya blanketi, akachagua moja kubwa ya kufungulia nati za springi, akalala nayo ubavuni. Jana akamwita mchungaji. Nilidhani anataka kuombewa. Kumbe alitaka shahidi wa kuweka sahihi kwenye karatasi, na mimi nikatolewa nje. Mchungaji alipotoka hakunywa hata chai.

Leo ameomba kalamu. Nimemwambia aniambie niandike mimi. Amesema hii ataiandika kwa mkono wake hata ikimchukua wiki. Kama una nafasi, njoo. Kama umekasirishwa na kitu, njoo hivyohivyo.

Dada yako,
Rozalia


Ilomba, Mbeya
29 Mei 1978

Jailos,

Utaona mistari inapanda na kushuka. Vumilia. Nimeandika siku tano, kidogo kidogo.

Umenisifu kwamba sijui kudanganya. Nimedanganya katika barua ileile uliyoisifu, lakini si pale ulipodhani. Kabari nilizifunga kinyume, hilo ni kweli kama nilivyoandika. Uongo ni niliposema kwamba niligundua mwaka jana. Nilitaka kuungama kosa la mkono na kulificha kosa la moyo. Nilidhani hilo moja litatosha kukufungua. Ulipoyaleta maneno ya mkaguzi na kuyaweka mbele yangu, nikaona kwamba uongo wangu wa zamani umeimeza kweli yangu mpya, na kwamba utaendelea kuwa muuaji kwa sababu unanipenda.

Kwanza nikuambie yaliyo tayari, kwa sababu sijui nitafika wapi. Nimeandika maelezo yangu yote, karatasi mbili zinazofanana, na mchungaji ameshuhudia. Moja amekwenda kuipeleka mahakamani yeye mwenyewe. Ya pili iko humu ndani. Msomee Nyamizi kwa sauti, neno kwa neno, usilainishe kitu. Akitaka kuja kunitazama usoni, nauli ya basi iko kwa Rozalia. Akikataa, ana haki. Halafu umwonyeshe meneja wako. Mwisho wa Juni haujafika.

Mninga ule usiuharibu. Kama mikono yako itakataa kuendelea na kazi uliyoianza, mtengenezee Nyamizi kabati la vyombo, nami nizikwe katika msonobari, au katika mkeka. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Wewe ni mwepesi wa kusamehe, na nimeishi kwa wepesi huo miaka sita. Ulipotoka gerezani ulikuja moja kwa moja kwangu, ukanisaidia kupaka chokaa nyumba. Ulikuwa juu ya ngazi ukiimba. Nilikushikia ngazi, na nilikuwa nalijua hili. Kila mwaka ulipoandika kwamba umempelekea Nyamizi mlango, au kitanda, nilikuwa nalijua. Nilifurahi kupata barua zako, Jailos. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote, kwamba nilifurahi kweli, nilimsomea Rozalia kwa majivuno, kwamba tazama mwanangu alivyo.

Usitafute sababu ya kunitetea. Nimeitafuta mimi muda mrefu kuliko utakavyoweza. Mke wangu alikuwa mgonjwa mwaka ule, ndiyo. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili gerejini, ndiyo. Lakini nilichokiogopa kilikuwa kidogo zaidi ya hayo. Niliogopa watu waseme Mwalimu hajui springi inakaa wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Uliandika kwamba siku ile nilikuja hospitalini bila kunawa, grisi hadi viwikoni, na kwamba kwa grisi ile ulijua una baba. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imechoka.

Habari za ajali zilinifikia saa nne asubuhi. Harilal alinituma niende na lori, nilifanye gari lake liweze kuvutwa hadi Mbeya, ambako mkaguzi angelitazama kesho yake. Bujiku walikuwa wameshamwondoa. Kando ya kalavati kulikuwa na vipande vya muwa. Gari tulilisimamisha kwa magurudumu yake, watu wengi, wakulima wa pale. Askari aliyelilinda alinisaidia kuweka jeki, akaniambia, "Pole Mwalimu, kijana wako," akaenda kukaa kivulini kula.

Ekseli ilikuwa imeteleza upande wa kushoto. Halikuwa gari la kuvutika mpaka ekseli irudishwe mahali pake, kwa hiyo ilinibidi nilegeze yubolti za upande huo. Nikazilegeza, kabari ikateleza nje ikaangukia mkononi mwangu. Nikaitazama. Nikatazama springi iko chini, ekseli iko juu. Nilielewa pale pale, nikiwa nimelala chali chini ya gari, kabla sijavuta pumzi ya pili. Nikairudisha, upande mnene mbele, nikakaza.

Upande wa kushoto nilikuwa na sababu ya kuufungua. Ningeuacha wa kulia ulivyokuwa, mkaguzi angekuta kabari moja inatazama mbele na nyingine nyuma, angeuliza, nami ningemjibu. Niliweza kumsikia askari akitafuna.

Ekseli ya upande wa kulia haikuwa na tatizo lolote. Nilihamisha jeki, nikafungua nati zake nne moja moja, nikaigeuza kabari ya pili, nikazikaza zote, na kwa grisi hiyo hiyo nikaja kukushika kichwa.

Anania Mwasomola